Nilivyowaozesha Kaka na Dada Redioni

Jamani, wenzangu wa sokoni wameshaisimulia hii aibu vya kutosha na kila mmoja ameongeza chumvi yake, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Morogoro mjini, na wateja wangu wengi (sijisifu, ndio ukweli) hawafuati ushonaji, wanafuata ninavyosimulia muvi za Kihindi, hasa zile za majambazi na damu, maana nikifika pale stelingi, yule shujaa mkuu, anapoanza kulipa kisasi mteja anasahau kabisa kwamba nguo yake nilimwahidi juzi. Ndivyo nilivyomnasa Baraka, mtangazaji wa redio moja hapa mjini, aliyekuja kupunguza suruali akaondoka nayo ndefu vilevile, anacheka. Akaniambia Jumamosi niende studio nikachambue muvi mpya ya majambazi ambayo mji mzima ulikuwa unaizungumzia, na nikifanya vizuri, kiti cha mchambuzi wa kila Jumamosi ni changu. Nilikitaka kile kiti, nasema kweli. Nilikitaka mpaka nikampigia mama yangu kule kijijini Kinole, mlimani, naye akawatangazia majirani wote wawashe redio.

Sasa muvi yenyewe ilikuwa na urefu wa saa tatu, na mimi nilikuwa na sketi ishirini za shule hazijaguswa. Ukisoma yale maandishi ya chini huwezi kushona, utajishona kidole. Nikafanya uamuzi mdogo tu, nikachukua ile iliyotafsiriwa (si mnawajua watafsiri wetu, jamaa mmoja anaongea sauti za watu wote, stelingi yeye, adui yeye, mama mzazi yeye), nikawa mguu kwenye cherehani, macho kwenye pindo, masikio kwa mtafsiri. Najua wanatia vichekesho vyao, mimi si mshamba, hata pale adui alipoapa kupanda treni akajifiche Ngerengere, hapa hapa mkoani kwetu, nilijua hiyo ni ya jamaa, nikaichuja. Nilidhani nimechuja zote.

Jumamosi mchana nikaingia studio na gauni jipya la kitenge (kwenye redio, ndiyo, chekeni tu). Kando yangu alikaa Mwalimu Neema, mhadhiri wa chuo, mama mtu mzima mpole, nikamwamkia shikamoo akaitikia vizuri. Nikapewa nafasi ya kwanza, nikatiririka. Nikasema damu ni nyingi kuliko hadithi inavyohitaji, pale kiwandani stelingi anapomaliza watu kumi kwa mundu mmoja panatisha kweli, ila ukifika mtu wa sita unaanza kuuonea huruma mundu. Baraka alicheka mpaka akagonga meza, nami nikaona kiti hicho kinakuja. Hapo ndipo nikanogewa.

Nikasema roho ya muvi ni yule mwenye sari ya kijani, mke wa stelingi. Nikasifu wanavyotazamana, nikawaambia waume wa Morogoro wakajifunze pale mapenzi ya ndoa, nikaongeza (wala sikuulizwa) kwamba wale wawili hata nje ya muvi lazima kuna kitu.

Mwalimu Neema akakohoa kidogo. "Mwanangu," akasema taratibu, "yule ni dada yake. Tumbo moja."

Mtu mwenye akili angeomba radhi hapo hapo. Mimi nikajitetea, nikasema sawa, ya sari tuyaache, lakini nani atabisha kuhusu sauti ya stelingi anapomlilia mama yake, ile inayokwaruza, inatokea puani kama ya mtu aliyelia siku tatu, ule ndio uigizaji. Mnielewe, saa tatu nzima sauti ni ile moja masikioni, kwangu mimi stelingi alikuwa ndiye ile sauti. Mwalimu akanitazama kwa huruma. Baraka, kuniokoa, akafungua simu za wasikilizaji.

"Dada, nakushukuru sana kwa sifa," akasema mpigaji wa kwanza, na ile sauti niliitambua kabla hajamaliza. "Niko hapa Turiani, mimi ndiye mtafsiri. Siku ile nilikuwa na mafua. Na ile ndoa niliiweka mwenyewe, maana nilikuwa natafsiri huku ndiyo naiona mara ya kwanza, nikadhani ni mkewe."

Studio nzima ililala chini kwa kicheko, na Mwalimu Neema alifuta machozi kwa mtandio wake. Mimi nilicheka nao huku natamani kuingia chini ya meza. Kiti wakampa mtafsiri, na kwa kweli anakiweza, roho inaniuma kila Jumamosi. Halafu Jumatatu sketi tatu zikarudi, zipu zimekaa mbele.

Nimeapa, muvi nitakayoitolea maoni nitaitazama kwa macho yangu mawili, cherehani imefunikwa. Kilichobaki ni mama. Alinipigia jioni ileile, akaniambia yule mwalimu ndiye hajaelewa muvi, ningembishia. Kinole mpaka leo wale ni mume na mke, na kila nikipanda kumsalimia mama ananiuliza kama wameshapata mtoto.