Amonia ya Njoka

Njoka alipokufa kwa homa ya mapafu, Karwirwa alibaki peke yake katika maabara yao ndogo huko Nchiru. Kwa miaka mitatu walikuwa wakitafuta kichocheo, yaani chuma kitakachosaidia umeme kuigeuza naitrojeni ya hewani iwe amonia ya kutengenezea mbolea. Unga ule mweusi wa chuma na kobalti Njoka aliutengeneza kwa mikono yake. Wiki chache kabla ya kuugua, maji ya kupimia yaligeuka bluu: amonia imo! Alipiga simu kwao Gachoka akipayuka kwa furaha, mpaka wanafunzi wakaja kuchungulia mlangoni.

Baada ya mazishi, Karwirwa alirudia jaribio ili ripoti itoke na majina yao wawili. Bluu ikaja. Kisha akafanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya: alifunga naitrojeni, akapitisha gesi ya agoni pekee, ambayo haiwezi kutoa amonia. Bluu ikaja tena.

Alibadilisha glavu, akasugua vyombo vyote, akajaribu upya. Ikaja vilevile. Ilikuwa kana kwamba Njoka amekataa kutoka kazini. Mchana kweupe alisikia mtu akikohoa nyuma yake; alipogeuka, hapakuwa na mtu.

Lakini kila alipourudia unga uleule, rangi ilififia. Hapo ndipo akaelewa. Njoka aliutengeneza unga ule kwa chumvi za nitrati, zenye naitrojeni ndani yake. Mabaki ya chumvi hizo yalinasa ndani ya chuma, na umeme ukawa unayageuza kuwa amonia kidogo kidogo. Hewa haikuwa imetoa chochote. Kilichokuwa kikitoka, na kuisha, ni kazi ya mikono ya marehemu.

Alifunga safari hadi Gachoka. Ciakuthii, mama yake Njoka, alikuwa uani akipepeta ndengu.

"Ile mbolea ya hewa imefika wapi, mwanangu?"

"Mama, haikuwepo. Tulikosea." Akamweleza yote.

Ciakuthii aliweka ungo chini. "Yeye alijua?"

"Hapana. Alikufa akiamini."

"Basi si ungemwacha hivyo?"

"Siwezi, mama. Wengine wangeifuata njia hiyo wapotee."

Kutoka ndani, sauti ya mumewe ikauliza, "Ni nani huyo?"

"Ni yule rafiki wa Njoka," Ciakuthii akajibu, akimkazia mgeni macho. "Anasema kazi inaendelea vizuri."

Karwirwa akaaga bila kumsahihisha.

Ripoti aliiandika kwa ukweli. Siku hizi hutengeneza vichocheo vipya kwa chumvi zisizo na naitrojeni, na maji hayajabadilika rangi hata mara moja. Kila yanapobaki maangavu hushusha pumzi, kama mtu aliyeponea chupuchupu kudanganywa tena. Halafu huona haya, kwa sababu bluu ndiyo anayolipwa kuitafuta.