Firigisi na Kadi ya Babu

Huku ughaibuni, Takoma Park, ninakoishi na binti yangu, kuna Jumapili moja ya Septemba wanayoiita Siku ya Babu na Nyanya. Maduka ndiyo huikumbuka kwanza. Ukiingia unakuta kadi, puto, na vikombe vilivyoandikwa Babu Bora Duniani, rafu nzima, vyote vinasema hivyo hivyo. Sasa bora ni yupi?

Mwaka jana, Ijumaa tukila, binti yangu akasema atanipeleka hotelini siku hiyo. Yeye kazi yake ni kutunza wazee wa watu, nadhani aliona haya kumsahau wa kwake. Nikakataa kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Hiyo ni sikukuu ya wenye maduka. Kwetu mzee haheshimiwi kwa karatasi. Anaheshimiwa kwa firigisi!"

Hapo nieleze. Sisi watu wa magharibi ya Kenya, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mzee wa nyumba. Mama hagusi, mtoto haombi. Marehemu mke wangu aliwahi kuniletea kuku bila firigisi, akasema imeanguka motoni. Nikanuna siku mbili. Tulipozeeka ndipo akakiri aliila mwenyewe jikoni, amesimama, na ilikuwa tamu. Lakini hayo yalishapita. Huku firigisi zinauzwa trei nzima kama maharagwe, bila kuku hata mmoja. Firigisi isiyo na kuku wake inamheshimu nani? Kwa hiyo binti akakubali kwenda Bladensburg, kwa wanaochinja kuku ukiwaona, alete kuku mzima na firigisi yake.

Nilichosahau ni kwamba mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa mezani. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Alichukua begi lake, akaenda chumbani.

Jumapili mchana nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jengo letu, kuku anachemka juu. Akatokea jirani wa ghorofa ya chini, mzee Mtanzania, kadi imechungulia kwenye mfuko wa shati.

"Mzee mwenzangu, mjukuu kakupa nini leo?"

"Kubwa," nikasema. "Haiingii mfukoni."

"Basi nikishaswali napanda kuiona."

Uongo ulinitoka kama chafya. Nikapanda ngazi mbio, na magoti haya, nikamnong'oneza binti jikoni:

"Mtoto hakunitengenezea kitu?"

"Alitengeneza shuleni. Wewe ukasema ni karatasi."

"Sikumwambia yeye!"

"Baba, meza ni moja."

Nikabisha mlango wa mjukuu. Namwita Mama, maana amebeba jina la mama yangu.

"Mama, ile kadi..."

Akanijibu kwa Kiingereza chake, naandika nilivyoelewa: "Ulisema ni ya wenye maduka."

"Ya kununua ndiyo ya wenye maduka. Ya mkono ni nyingine."

"Ulisema unataka firigisi."

"Nilisema mengi siku ile."

Akafikiri, kichwa upande, mama yangu kabisa. "Nikupe kadi, unipe firigisi."

"Mtoto haombi firigisi!"

"Siombi. Tunabadilishana."

Nikampa bawa, akakataa. Mabawa mawili, akakataa. Nikaongeza shingo, akacheka. Nikasema nusu basi, na mwenyewe nikajiona nimeuza ukoo. Mara nikasikia kikohozi cha jirani kwenye ngazi.

"Haya! Chukua yote!"

Jirani alipoingia alimkuta mtoto mezani, anatafuna kwa raha, mimi nimesimama na kadi.

"Ninyi Wakenya! Firigisi anapewa mtoto?" Kisha akaitazama kadi, akaichukua, akaitia mfukoni mwangu. Ikaingia, tena ikabakisha nafasi. "Na hii ndiyo kubwa?"

Alipoondoka ndipo nikaifungua. Kalamu za rangi. Mimi nimeketi, mdomo wazi, firigisi kwenye uma imekuwa kubwa kama kichwa changu. Kando yangu msichana mdogo anainua sahani tupu. Chini ameandika kwa Kiswahili, herufi zimeinama kama za kwangu: Babu, nionjeshe.

Kumbe kama ningefunga mdomo Ijumaa ile, ningeipokea kadi, mtoto angeonja kidogo tu, na iliyobaki ningekula mimi.

Septemba inakaribia tena. Mezani sijasema neno baya juu ya sikukuu ya mtu yeyote. Nimemwagiza tu binti alete kuku wawili.