Bi Somoe nusura afutwe kwenye ruzuku ya kaya maskini kwa sababu ya sofa

Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Upepo wa kusi umevuma tangu alfajiri, baridi ya kumfanya mwanaume mzima ajitande khanga ya mkewe akienda kuteka maji. Mawingu yapo, mvua hakuna.

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa humu shikamooni.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mpangilio mtanisamehe. Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu leo hii, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona. Kijiji sikitaji, kiko upande wa Kiswere. Majina nimebadilisha.

Nianze kwa kusema mimi ni nani katika hii habari.

Mimi ni katika wale wanaosema ruzuku ya kaya maskini inaliwa na wasiostahili. Nimeshasema kijiweni, nimeshasema barazani kwangu, na humu pia kuna uzi mmoja nilikomenti hivyo hivyo. Sijui kama nilikuwa sahihi. Mpaka sasa naandika sina uhakika. Lakini nilikuwa nasema.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Bi Somoe. Mjane, mtu mzima, analea wajukuu. Mkubwa wao, Zuhura, ameolewa juzi juzi hapa. Wadogo bado wanasoma. Bi Somoe yumo kwenye ruzuku, na hiyo ndiyo sare, ndiyo madaftari, ndiyo nauli ya kwenda hospitali mguu unapomvimba. Kazi za mradi naye huwa anakwenda. Wakati wa kufukua lambo la kijiji nilimwona na karai kichwani, na mguu wake ule.

Leo kulikuwa na mkutano wa uhakiki. Yaani kijiji kinakaa, majina yanasomwa, wananchi wanasema huyu abaki, huyu hali yake imebadilika atoke. Amekuja mwezeshaji kutoka wilayani, binti mdogo tu mwenye adabu, na kompyuta yake ya mkononi.

Kwa ajili ya ule upepo tukaingia darasani, shule ya msingi. Fikirieni wakuu, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yanagusa kidevu. Mwenyekiti wetu ana kitambi, ikabidi akae ubavu.

Mambo yakaanza vizuri. Jina likisomwa watu wanasema abaki, abaki.

Likafika jina la bwana mmoja mwenye bodaboda zinazoendeshwa na vijana njia ya Kilwa. Kila mtu anajua, hakuna anayetaka kuonekana mbaya.

Akasimama Hamza mwenye duka. Akasema wazi kwamba huyu bwana pikipiki zake zinajulikana, kaziandika kwa jina la mdogo wake lakini jioni hesabu anapelekewa yeye. Yule bwana alibisha kidogo, halafu akacheka mwenyewe, akasema haya nitoeni, mmenichoka. Akatolewa.

Hapo nilimpongeza Hamza moyoni na bado nampongeza. Nataka mumwelewe huyu mtu vizuri kabla sijaendelea, maana nikimharakisha nitamwonea. Hamza ana shangazi yake, kipofu, ambaye mwanzoni aliachwa nje ya orodha kwa sababu siku ya kuandikishana alikuwa amelazwa, na mpaka leo hayumo. Kwa hiyo kila jina lisilostahili kwake ni nafasi ya shangazi yake. Hana roho mbaya. Ana uchungu.

Jina lililofuata lilikuwa la Bi Somoe.

Nikasikia watu wanaanza "aba..." na Hamza hajakaa bado.

Akasema anamheshimu mama yake huyu, lakini haki ni haki. Siku ya harusi ya Zuhura alipeleka kreti za soda mwenyewe mpaka mlangoni. Pazia likapeperuka, akaona ndani. Akataja alichoona. Seti ya sofa za bei, zimevishwa vitambaa vyeupe. Kabati la vioo limejaa vyombo. Kapeti nene la manyoya. Jiko la gesi. Mapazia ya kijani mpaka chini.

"Mimi mwenye duka sina sebule kama ile," akasema. "Sasa nani kaya maskini hapa, mimi au yeye?"

Watu wakacheka, wengine wakaguna. Mwezeshaji akaacha kuandika, akamtazama Bi Somoe.

Wakuu, hapa lazima nisimame niwaeleze kitu, hasa ninyi mliokulia mbali na huku.

Kwetu nyumba yenye shughuli haiachwi tupu. Kukiwa na harusi, wanawake wa mtaa wanapeleka vitu siku moja kabla. Huyu kapeti, huyu masinia, huyu mapazia. Nyumba inavishwa kama anavyovishwa bibi harusi. Shughuli ikiisha vinarudi kimya kimya.

Wanaume hatushirikishwi. Sisi tunakuta tu kitu hakipo. Mimi nilirudi shamba nikakuta kabati letu la vioo halipo na vikombe vimepangwa sakafuni. Nikamuuliza mama Rehema, mke wangu. Akaniambia kula.

Na sheria yake kubwa ni moja: aliyetoa hataji, na aliyepewa hataji. Kujua tunajua wote, upande wa mume nao wanajua. Kusema ndiyo haiwezekani. Maana ukisema leo kapeti lilikuwa la kuazima, kesho yule binti akikosana na mumewe ataambiwa hata kapeti mlilokanyagisha watu halikuwa lenu.

Na mama mkwe wa Zuhura, Bi Mwajuma, alikuwa mle mle darasani, dawati la mbele.

Mnaona mtego wenyewe. Bi Somoe akisema vile vitu si vyangu, amebaki kwenye ruzuku lakini amemvua nguo mjukuu wake mbele ya mkwe. Akinyamaza, sare hakuna, nauli ya hospitali hakuna.

Mwenyekiti akamuuliza kwa upole kama ana la kujibu.

Bi Somoe akasimama, akajifunga mtandio vizuri. Akasema, "Nyumba ilikuwa na shughuli. Shughuli imekwisha. Andikeni mnavyoona."

Akakaa.

Mwezeshaji akasema kwa utaratibu, kama kaya ina mali kama hizo na mwenyewe hakanushi, inabidi aandike hali imebadilika. Hakukosea yule binti. Mimi ningekuwa na hiyo kompyuta ningeandika hivyo hivyo.

Nikamwangalia mama Rehema. Anatazama dirisha. Nikawaangalia wanawake wengine. Wote wanatazama dirisha, kama kuna kitu nje. Nje kulikuwa na bati la choo linapigwa na upepo.

Sasa mimi hapo kichwani nina mambo mawili yanapigana. La kwanza, nikinyamaza ni uongo, maana kabati lililotajwa nalijua mpaka harufu yake. La pili, nikisema nimevunja kitu ambacho baba yangu hakukivunja. Na la tatu, kama mtaniruhusu, nilikuwa namwogopa mke wangu.

Mwenyekiti akaniona nahangaika kwenye dawati. Akasema, "Baba Rehema, wewe ndiye jirani yake. Unasemaje?"

Nikasimama. Mama Rehema akanivuta shati kwa nyuma.

Wakuu naapa sikuwa na mpango wowote. Kuna watu jioni hii wananisifu kwamba nilitumia akili. Hapana. Nilichanganyikiwa. Nilitaka kusema ukweli bila kumtaja Bi Somoe, nikafungua mdomo, kikatoka hiki:

"Mwenyekiti, mimi nyumbani kwangu nina kabati la vioo. Kioo cha juu kina ufa, upande wa kulia."

Nikakaa.

Mtu nyuma akacheka puu. Mwenyekiti akasema, "Baba Rehema, nimekuuliza habari za Bi Somoe."

"Ndiyo, mwenyekiti," nikasema. "Nimemaliza."

Nilitamani dawati linimeze.

Ndipo akasimama Mwanahawa. Huyu ni mke wa Hamza, mke halali kabisa, alikuwa amekaa mbali naye upande wa wanawake. Akasema taratibu, macho kwa mwenyekiti:

"Na mimi mwenyekiti ninazo sofa. Rangi yake damu ya mzee. Moja mguu wa nyuma umefungwa waya. Siku hizi sizivishi vitambaa vyeupe, lakini vitambaa ninavyo."

Akakaa.

Nilimwona Hamza anafikiri. Wiki ya harusi alikuwa amekwenda Dar kufuata mzigo, akarudi siku ile ile ya shughuli na kreti zake mkononi, hata ndani kwake hakuingia. Vile vitambaa vyeupe vilimzuia kuijua sofa anayoilalia kila mchana.

Kabla hajasema kitu akasimama mama mwingine. Akasema yeye ana kapeti la manyoya, kona moja imeungua pasi. Akasimama mwingine, jiko lake la gesi lina plate moja mbovu. Kila mmoja anataja cha kwake na kasoro yake, anakaa. Hakuna aliyesema nimeazima, hakuna aliyetaja harusi, hakuna aliyetaja Bi Somoe. Kuna bibi mmoja alisimama akasema yeye ana mbuzi. Akaambiwa bibi, mbuzi hakutajwa. Akasema basi nimekosa, nilidhani tunataja vyote.

Tulicheka mpaka madawati yanalia.

Mwezeshaji masikini ya Mungu hajui aandike nini. Akauliza, "Samahani wazazi wangu, mbona mnanitajia vyombo vya ndani?"

Kikabaki kitu kimoja. Mapazia ya kijani. Watu wakaangaliana, hakuna anayesimama. Mimi mwenyewe sikujua ni ya nani. Nikaona Bi Somoe ameinamisha kichwa, na nikafikiri basi, hili moja litamwangusha.

Akasimama Bi Mwajuma. Mama mkwe.

Akageuka, hakumtazama mwenyekiti, akamtazama Bi Somoe.

"Mapazia ya kijani ninayo mimi," akasema. "Na yule binti nilimtaka mwenyewe, sikutaka mapazia."

Wakuu, ile nyumba ya bibi harusi iliyopambwa ili upande wa mume usione upungufu, upande wa mume ndio ulioleta mapazia. Sikuwa na habari. Mama Rehema jioni hii ameniambia waliyapitishia uani, na kwamba mimi sikupaswa kuwa na habari.

Bi Somoe alijifuta uso na mtandio. Kama alikuwa anacheka au analia, sikuona vizuri, na nilisema nisichokiona nitasema.

Mwenyekiti akakohoa. Akamwambia mwezeshaji, "Mwanangu, andika hivi: vitu alivyovitaja Hamza vimeonekana vyote, na vipo majumbani kwa wenyewe. Bi Somoe abaki."

"Abaki!" Darasa zima.

Hamza alikuwa bado amesimama muda wote ule. Nikaogopa atakasirika, maana mtu ukichekewa mbele za watu ni kazi. Akashika kiuno, akasema, "Jamani, kumbe nimezishtaki sofa zangu mwenyewe." Akavuka mpaka alipo Bi Somoe, akampa shikamoo upya kama ndiyo kwanza wanaonana. Bi Somoe akaitikia marahaba, akamwambia usijali baba, wewe ulikuwa unamsemea shangazi yako, nami ningekuwa na wa kunisemea hivyo ningefurahi.

Kisha Bi Somoe akamwomba mwenyekiti jina la shangazi wa Hamza lipelekwe wilayani, kwa ile nafasi ya bwana wa bodaboda. Watu wakaunga mkono. Mwezeshaji akasema hawezi kuahidi, kuna taratibu zake, ila ameliandika. Nimeona akiandika. Zaidi ya hapo sijui.

Sasa wakuu nimejifunza nini? Ninajaribu.

Wanaoiba ruzuku wapo. Yule wa bodaboda alikuwepo na tulikuwa tunamtazama tu. Kwa hiyo sisemi watu wasiseme. Bila Hamza angeendelea kula.

Ila nimeona kwamba jicho linaingia mlangoni mara moja, pazia limepeperuka, na tayari limeshaandika hukumu. Mimi nimeshahukumu wangapi hivyo? Yule mwenye simu kubwa, yule aliyejenga choo cha tofali. Labda walistahili kutolewa, labda simu ilikuwa ya mtoto. Sikuwahi kuuliza. Nitaendelea kusema, lakini nadhani nitauliza kwanza. Nikisahau, mnikumbushe kwa uzi huu.

Kwenu huko uhakiki unaendaje? Na huu utaratibu wa kuvisha nyumba ya shughuli upo, au ni sisi tu wa pwani ya Lindi? Wataalamu wa hii mipango nao waje, kama nimekosea wanisahihishe bila matusi.

Naishia hapa maana naitwa. Bi Somoe amepitisha sahani juu ya ukuta, ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, ya kuchemsha na pilipili ya ndimu, na mama Rehema amepika mchuzi wa pweza wa nazi. Vikombe vimetoka kabatini, tunakunywa na chai ya rangi. Sahani yake tutairudisha kesho, na haitarudi tupu.