Mkaguzi Aliyetoka Bwaloni na Njaa

Juma lililopita nililetewa habari kutoka Tarime kwamba amefariki mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mkaguzi wa chakula cha shule. Wanawe wanasema aliondoka kwa amani, muda mfupi baada ya kulalamika kwamba uji wake haukukolea sukari. Nilisikitika, kisha nikacheka peke yangu. Wasomaji wangu mnisamehe, sijui namna nyingine ya kumkumbuka.

Miaka ya hamsini nilikuwa mwanafunzi wa bweni katika shule moja ya huko. Tulikula kumi kwa sinia moja, wakubwa wenye ndevu pamoja na sisi ambao miguu yetu haikufika chini tukiketi kwenye benchi. Mwalimu mkuu aliposikia mkaguzi anakuja, alitukusanya akatufundisha jibu moja tu: tumeshiba. Tulilikariri asubuhi nzima.

Mkaguzi alifika na kaptula ya kaki iliyonyooshwa vizuri. Alikataa kiti cha walimu, akaketi kando yangu, akaniuliza jina langu nani. Nikamjibu, "Nimeshiba sana, mwalimu." Chakula kilikuwa bado hakijaletwa.

Ukaja ugali wa muhogo na mtama, na maharage. Yule bwana alifumba macho ashukuru kwa kirefu, kama mtu aliyelelewa vizuri. Alipofumbua, sinia lilikuwa tupu na wenye ndevu walikuwa wakijilamba vidole. Nilimmegea nusu ya tonge langu, maana uso ule niliujua. Ndio niliokuwa nao kila siku. Akaniuliza polepole kama huwa hivi siku zote. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

"Wadogo hatushibi," nikasema.

Mwalimu mkuu alimsogelea akimhakikishia kwamba watoto wanakula vizuri. Mkaguzi akafunga daftari lake. "Nimeona," alisema. "Mimi ndiye sijala."

Juma lililofuata wadogo tulipewa masinia yetu, sita kwa sita. Likizo ilipofika, mama alinikagua mashavu akauliza kama nimeumwa na nyuki.

Tangu hapo nimewaona wakaguzi wengi wakipima madirisha ya bwalo, wakisifu sufuria zinavyong'aa, kisha wakaenda kula kwa mwalimu mkuu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ukitaka kujua kama mtoto ameshiba, usimuulize mbele ya mwalimu wake. Keti naye, mle pamoja, na ufike ukiwa na tumbo lisilo na kitu.