Sari Isiyo na Uso

Swalha alipanda ngazi za jengo la Shisanhang, ugenini kwa Wachina, mkono mmoja kifuani, kama aliyebeba yai. Huko chini, kwenye maduka ya nguo za jumla, alikuwa akinunua marobota kwa marobota bila kufikiri mara mbili. Leo alihesabu kila hatua kwa ajili ya kitu chepesi kuliko leso.

Kilikuwa kipande cha ulanga, ule mwamba unaobanduka tabaka tabaka hadi ukapitisha mwanga kama kioo. Juu yake fundi wa Bara Hindi, enzi za Waingereza, alichora mwanamke aliyevaa sari. Bangili alizitia nukta kwa nukta, kwa mtindo wa kwao. Mikunjo ya nguo na kivuli cha miguuni akavichora Kizungu, maana Wazungu ndio waliokuwa wanunuzi. Penye uso palikuwa wazi.

Kwao Unguja kila mtu alijua sababu. Babu aliileta picha kwa mke mkubwa, na mke mdogo akaukwangua uso kwa wivu. Wake wote wawili walishakufa, lakini mama yake Swalha, binti wa mke mkubwa, hakuwa akisemezana na Mwanahija, binti wa mke mdogo, tangu usichana wao. Sasa mama alikuwa hoi kitandani, na ombi lake lilikuwa moja: uso urudishwe kabla hajafumba macho. Hakuna aliyeikumbuka sura ya zamani, hivyo mama akatoa picha yake ya pasipoti iigwe.

Mzee Lau, mchoraji wa ghorofa ya juu, alilowesha brashi. Swalha akamwomba angoje. Akalowesha tena, Swalha akamzuia tena. Ussi, mfanyabiashara wa Pemba aliyekuwa akiwatafsiria, akacheka.

“Bi Swalha, ukizidi kumshika mkono atatuchorea pua sikioni.”

Mzee Lau akaupeleka ulanga dirishani, akaugeuza, akasema jambo. Ussi akaacha kucheka.

“Anasema hapajakwanguliwa. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Pameachwa bila rangi kwa makusudi.”

Swalha alikataa kuamini. Alimpokonya ule ulanga, akauweka mezani amwonyeshe, na kwa pupa ukaangukia juu ya picha ya pasipoti iliyokuwa hapo. Uso wa mama ukajaa kwenye uwazi. Mama akamtazama, amevaa sari.

“Kumbe ni vazi tu,” Ussi alisema polepole. “Kichwa kilichorwa kando, kwenye kadi, kikalazwa chini ya ulanga. Ndicho kilichopotea.”

Swalha hakuruhusu brashi iguse kitu.

Baadaye, mtaa wa Sanyuanli katika mji huohuo, Swalha aliingia kwenye kibanda cha simu. Utamwambiaje mgonjwa kwamba kinyongo cha umri mzima kilishikwa bila kosa la mtu? Neno hilo lingeweza kummaliza kabla ya maradhi. Na akizikwa bila kulisikia, je? Alianza kupiga namba ya nyumbani, akaikatiza. Akapiga nyingine, ya Mwanahija, aliyoihifadhi miaka mingi kwa siri.

“Mama mdogo,” alisema, “ni Swalha, mtoto wa dada yako. Nakuomba usikate simu.”

Upande wa pili, Mwanahija hakuiweka simu chini.