Siku Niliyomchagua Baba

Harufu ya kitambaa chenye unyevu kikipigwa pasi ya mkaa ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya Mbeya, katika miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Baba, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, alikuwa fundi cherehani. Miezi ya baridi, ukungu ukishuka kutoka mlimani mpaka barazani kwetu, wateja walifuatana kushonewa makoti, nami nikitoka shule nilijisogeza karibu na pasi niote joto. Mama alikuwa Mhehe wa Kilolo, upande wa Iringa. Alisilimu ili aolewe na baba, na kwa miaka kumi aliishi nyumba moja na bibi, mama yake baba, bila ugomvi wa kusikika nje.

Mambo yaliharibika mama alipoitwa kwao kumuuguza mama yake mzazi. Aliniacha kwa sababu ya shule, akaniambia atarudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi mitatu. Mara mbili baba alituma ujumbe kwa watu wa basi kwamba arudi, na mara zote mbili jibu lilikuwa kwamba mgonjwa hajaweza hata kukaa. Watu wa barazani wakaanza kumtania baba kuwa mkewe amehama. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na aibu nyingi. Asubuhi moja aliacha kushona, akaandika talaka moja, akaituma Kilolo. Mama hakujua kusoma. Baadaye nilisikia kwamba alisomewa barua ile na mwalimu wa shule, mbele ya majirani waliokuja kumjulia hali mgonjwa.

Alikuja Mbeya na kaka yake, mjomba wangu, eda ikiwa haijaisha. Hakuja kuomba arudiwe. Alikuja kunichukua mimi. Baba alikataa, na shauri likapelekwa kwa liwali, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua mambo ya ndoa za Waislamu pale mjini. Siku moja kabla ya shauri bibi aliniita jikoni, alikokuwa akichambua mchele. Alinieleza kwa upole kwamba talaka ilikuwa moja tu, na baba bado angeweza kumrejea mama.

“Ukikaa hapa, mjukuu wangu, mama yako atarudi kukufuata,” alisema. “Ukiondoka naye, hapa hatakuwa na cha kurudia.”

Mpaka leo sijui kama alikuwa akinidanganya au akijidanganya mwenyewe. Nilimwamini. Nililala na furaha siku ile, kwa kuwa nilijua la kusema.

Liwali alikuwa mzee mpole. Alieleza kwamba mtoto aliyefikia umri wa kupambanua mambo huulizwa mwenyewe, akaniita mbele. Mama alikaa kwenye benchi la ukutani, amevaa kaniki na sweta ambalo sikulifahamu. Alikuwa amekonda. Aliponiona alijaribu kutabasamu, nami nikageuza macho, nikiogopa kwamba nikimtazama nitasahau nilichoagizwa. Niliulizwa nataka kukaa na nani. Nikasema, na baba. Kisha mama akasema taratibu, bila kumtazama mtu yeyote, “Naomba aulizwe tena. Labda hakusikia vizuri.” Liwali akaniuliza tena. Nikajibu kwa sauti kubwa zaidi, na nikafikiri moyoni kwamba namsaidia.

Kwa wiki nyingi, nikitoka shule nilipitia kituo cha basi kuwatazama abiria walioshuka kutoka Iringa. Eda ikaisha. Nafikiri baba alikuwa akisubiri mama aombe, na mama akisubiri kuitwa, nami nilikuwa nimeshasema neno lililomfunga mdomo. Mwaka uliofuata baba alioa mke mwingine, mwanamke mwema asiyenionea. Bibi hakuzungumzia tena maneno yale ya jikoni, wala sikumkumbusha.

Nilipofika miaka kumi na sita baba aliniruhusu kwenda Kilolo. Kuanzia Igawa mpaka Iringa nilikuwa nikijifunza kimoyomoyo namna ya kumweleza mama. Nilimkuta ameolewa na mkulima Mlutheri, amerudi kanisani, ana watoto wawili wadogo. Alinishika uso kwa mikono yake yote miwili, kisha akanipa kiti, kimoja tu kilichokuwamo nyumbani, na wanawe akawakalisha chini. Alichinja kuku. Kila alichonipa alinipa kwa adabu, kama anavyopewa mgeni, na adabu ile ndiyo iliyonimaliza nguvu. Tulipobaki wawili aliuliza kama baba ananitunza. Nikasema ananitunza.

“Basi ulichagua vizuri, mwanangu,” akasema.

Hakukuwa na uchungu katika sauti yake. Maneno yangu yote yalikuwa tayari, lakini nikaomba maji ya kunywa. Nilijiambia nitamweleza safari ijayo. Kabla ya safari hiyo kuwapo, barua ya mjomba ilifika kutuarifu kwamba mama ameshazikwa.

Siku hizi mambo yamepangwa vizuri zaidi. Binti yangu na mumewe walipoachana, mtoto wao wa miaka tisa hakuulizwa mbele ya benchi la watu. Afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mtaratibu, alimkaribisha peke yake kwenye chumba chenye vitabu vya picha. Kabla hajafunga mlango nilimwomba kitu kimoja: asimwulize tu mtoto anamtaka nani, amwulize pia ameambiwa nini nyumbani. Alinitazama kidogo, akaandika. Mjukuu wangu alipotoka alinipa mkono, tukashuka ngazi pamoja. Sikumwuliza amejibu nini.