Soketi Nyuma ya Mbao

Si kweli kwamba shemeji yangu nusura atuchome moto. Wanaolieneza hilo saluni hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Ni mdogo wa marehemu mume wangu, fundi umeme kwa miaka thelathini sasa. Watu humwita Kipimo, kwa kuwa hagusi waya kabla ya kuupima mara mbili, hata kama umeme ameuzima mwenyewe. Wenzake humtania kwamba hata chai huipima. Yeye hujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio.

Nilipofunika ukuta wa sebule kwa mbao, soketi ilibaki imezama ndani. Kipimo alinieleza kwamba haitoshi kuivuta mbele. Kisanduku chake lazima kiongezwe kina mpaka kilingane na uso wa mbao, la sivyo nyaya zitakaa wazi zikigusana na mti mkavu. Kipande cha kuongezea angekileta kesho yake. Akaiziba soketi kwa tepu, akaondoka.

Lakini wakwe watarajiwa wa binti yangu walikuwa wanakuja alasiri ile. Nilimwita seremala nikamwamuru aitoe tepu, airudishe usawa wa mbao. Akaivuta kwa skrubu ndefu. Ilipendeza.

Wageni walikuwa wameketi, birika la umeme linachemka kwenye soketi ile, nikasikia ukuta ukitatarika kama panya anayetafuna karatasi. Kisha harufu. Mjukuu wangu alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mbao zilezile, nami nikaendelea kugawa vikombe, nikiomba mtu asivute pumzi.

“Bibi, ukuta una moto,” akasema.

Nilimvuta kwa mkono, nikampigia Kipimo.

“Zima meini, shemeji. Toeni watu. Ukuta msiuguse.”

Alifika mbio, akapima mara mbili, akabandua mbao. Skrubu ilikuwa imechubua waya. Nyuma ya mbao palikuwa peusi upana wa kiganja. Alipotoka nje na mbao ile inayofuka, majirani walikuwa wamejaa.

“Kipimo, leo umesahau kupima?” mmoja akauliza.

Alinitazama. Mdomo wangu haukufunguka, wakwe wakiwa pale.

“Hata mimi hukosea,” akasema.

Tangu siku hiyo hapati kazi mtaa huu. Basi ijulikane: amri ilikuwa yangu, na mkono ulikuwa wa seremala.

Tuliyoambiana baadaye, mimi na shemeji yangu, ni ya nyumba yetu. Sitayasema.